Uso Wangu Umo kwenye Mlango wa Gari la Watu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, na usicheke mpaka ufike mwisho. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, shule niliiacha darasa la tano au yenyewe ndiyo iliniacha, lakini picha nimepiga tangu binti yangu hajazaliwa, za pasipoti na za maharusi, na hakuna kidevu mtaani kwetu ambacho sijakiinua kwa kidole hiki. Sasa studio ni ya binti, amesomea, amebomoa ukuta wa nyuma akapata chumba cha kuingiza gari, na mimi amenipa kazi ya kushika taa.

Wiki iliyopita akapata kazi yake ya kwanza kubwa, gari la spoti la muuza magari mmoja, jekundu, milango miwili, limelala chini kama chui anayevizia, na lilipoingia mle ndani, mshauri, magoti yangu yaliacha kuuma. Binti akawasha taa sita, akapiga, akatazama, akanuna, maana gari lile linang'aa kama kioo na kila picha ilionyesha taa sita, ngazi, feni, na yeye mwenyewe ameinama. Nikamwambia, "Mama, gari si bibi harusi, ukilimulika usoni linakuonyesha wewe. Zima zote."

"Baba, shika taa."

"Nitashika hii moja, hizo nyingine zima."

Akazima, nadhani kwa kuchoka. Tukaziba madirisha, giza totoro saa nane mchana, tukavaa nguo nyeusi, akaiacha kamera jicho wazi nusu dakika nzima, na mimi nikatembea kando ya gari na taa ndefu ya mrija, naipitisha hewani polepole kama mtu anayepaka rangi, kutoka puani kupitia boneti mpaka mkiani, kwa sababu kamera ikiachwa hivyo inakusanya mwanga tu, na mtu aliyevaa nyeusi gizani asiyesimama haimwoni. Tukaitazama picha. Mstari mmoja wa mwanga, mwembamba kama uzi, umelichora gari zima. Limesimama lakini ungeapa linaondoka. Binti akanikumbatia na taa yangu mkononi, nikasahau umri, tukarudia na kurudia kama tumepagawa.

Katikati akaingia mwenye gari, akauliza mimi ni nani. Binti akajibu bila kugeuka, "Huyo ni mzee ananishikia taa."

Hakusema baba. Basi shetani akapita, nami nikamkaribisha kiti. Mzunguko wa kumi na moja, nilipofika kwenye mlango wa dereva nikasimama, nikaigeukia kamera, nikaleta taa chini ya kidevu, nikahesabu moja mpaka nne huku nikitabasamu, kisha nikaendelea na safari.

Na mwenye gari, katika picha zote, kaichagua hiyo. Anasema pale mlangoni pana kama moshi, unampendeza. Binti naye anaona moshi, maana kwenye kamera picha ni ndogo. Mimi peke yangu najua moshi ule una masharubu. Alhamisi gari linarudi kwa mwenyewe na picha inakwenda kuchapwa ijaze ukuta mzima wa duka lake, na kwa ukubwa huo hata mikunjo yangu itahesabika. Nikisema, namkata binti furaha na sijui kama atanipa tena hata balbu nishike. Nikinyamaza, ukuta utasema. Na kusema kweli, nusu ya moyo wangu inataka ukuta useme. Nifanyeje?

Mshika Taa

*

Mzee wangu Mshika Taa, shikamoo, na salamu ikiisha naanza kukugombeza.

Nimeona palipokuuma, na si magotini. Ulitaka neno moja, "baba", mbele ya mgeni, hukulipata. Hilo ni dogo kwa asiyelikosa. Lakini badala ya kulidai kwa mdomo ukaenda kujimulika kidevu kama mtoto anayewatisha wadogo zake. Ungekuwa rika langu ningekuita mtu mzima ovyo. Kwa kuwa umenizidi umri, nakuita hivyo kwa adabu.

Ule mstari wa mwanga niliusoma mara mbili, nikatamani kuuona. Ndiyo maana nina hasira. Siku muuza magari atakapogundua ana mzee anayecheka mlangoni, jina litakaloitwa ni la binti yako. Ukuta hautasema "huyu ndiye baba". Utasema "fundi huyu haangalii kazi yake", na kazi kubwa ya pili haitakuja.

Kwa hiyo mwambie leo, kwa maneno haya: "Mama, ule moshi ni mimi, na nilikusudia, kwa sababu hukuniita baba." Usiseme uliteleza. Usianze na habari ya nani alishauri taa zizimwe. Akigomba, mwache agombe mpaka achoke, umeyataka. Kisha rudini chumbani gari likiwa bado lipo. Funga uso kitambaa cheusi, masharubu yote ndani, na upite kwenye mlango ule bila kusimama. Moshi usio na meno mtautengenezaje, ninyi ndio mafundi, mimi kazi yangu barua. Mwenye gari aitwe achague upya, na aambiwe sababu. Binti ndiye amwambie, wewe ukiwa umesimama pembeni.

Na ukitaka jina lako liandikwe chini ya picha karibu na lake, liombe. Lina haki ya kuwapo.

Barua yako naitoa leo Jumanne, na gazeti hili hata mabinti wapiga picha hulisoma. Una muda wa kikombe kimoja cha chai. Ukimkuta ameshalishika, kaa chini, mwache afike mwisho, halafu useme wewe mwenyewe, hata kama ameshajua.