Mizinga Sasa Inapatikana Upesi

Mama mpendwa, mayu wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepoa kiasi cha kukuruhusu kwenda shambani. Mimi, kwa upande wa mwili, sina neno.

Bado niko Ugalla, mbali na mji wa Mpanda, katika ofisi ya chama cha wafuga nyuki. Kazi yangu ya mafunzo ni kompyuta inayotunza orodha ya mizinga yote iliyomo msituni. Kanzidata, yaani hiyo orodha, imo ndani ya kompyuta yenyewe, haihitaji mtandao. Mwanachama huuliza mizinga yake iko wapi, hupewa karatasi, ndipo hupanda lori kwenda kambini.

Unanijua, mayu. Kule chuoni nilihutubia hadi sauti ikakauka. Hapa nako nilisimama mbele ya wazee nikatangaza kwamba daftari ni pingu na zama za kusubiri zimekwisha. Kumbe kompyuta yangu ilichelewa kuliko daftari. Mzee Kasanda, mrina asali wa siku nyingi, alisubiri jibu hadi lori likamwacha.

"Msukuma," akaniambia, "hiyo mashine yako inautafuta mzinga kwa miguu?"

Wenzake wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alinipa siku saba: nikishindwa, daftari lirudi, nami nifungashe.

Kosa lilikuwa la kiburi changu. Nilitengeneza faharasa, ile njia ya mkato ya kutafutia, ya majina ya watu, ilhali hapa hakuna anayeuliza kwa jina. Kila ukoo huchonga alama yake kwenye gogo la mzinga, na mtu husema, "Nitafutie yenye mikato mitatu na duara." Kwa swali hilo kompyuta ilipitia mizinga yote, mmoja baada ya mwingine. Tena kila swali lilifungua kanzidata kana kwamba linataka kuandika, likasubiri hadi karani amalize kuingiza mizinga mipya.

Mzee Kasanda aliporudi siku zile, alisubiri kwenye benchi langu. Aliniuliza ng'ombe wetu wananywea wapi kiangazi, na kama mama yangu anajua kwamba sili vizuri. Mimi nilimjibu huku nikiandika: nikaweka faharasa ya alama, nikayafanya maswali yafungue kanzidata kwa kusoma tu.

Sasa jibu hutoka papo hapo. Mwenyekiti amenipa mkono, na daftari limefungiwa kabatini.

Jana Mzee Kasanda alikuja, akataja alama, akapokea karatasi amesimama. "Safi, Msukuma," akasema, akawahi lori. Wote hufanya hivyo. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani, nami siwezi kumlaumu yeyote, kwani ni mimi niliyepigania hilo kwa sauti kubwa.

Nisalimie baba mdogo anayetuangalizia ng'ombe, na shangazi mshonaji. Pacha wangu Doto akikuandikia majibu, asifupishe. Aeleze hata ugomvi wa majirani, hata ndama aliyezaliwa. Muda wa kusoma ninao.

Mwanao akupendaye,
Kulwa