Viatu vya Mlangoni

4 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo chuoni, na za miguu yako? Bado inavimba ukisimama wodini? Sisi huku wazima wote. Huyu mdogo wangu Bosi ndiye mzima kupita kiasi. Miaka minne tu, lakini ukimsikia anavyotoa amri utadhani yeye ndiye anayelipia chumba. Jana amenifukuza kazi kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Jioni akanirudisha kazini, akasema nisirudie tena.

Shangazi anakusalimu. Ameamka na kichwa kinamuuma, ndiyo maana hajaandika mstari wake safari hii. Simu yake imepasuka kioo, kwa hiyo usihangaike kupiga. Tuendelee na barua kwa dereva wa gari la dawa. Nazifuata pale zahanati, na wale uliokuwa unafagia nao wananiuliza kila mara, "Nesi wetu anarudi lini?" Nawajibu Julai, halafu natembea kichwa juu mpaka nyumbani.

Shule inaendelea. Nina swali dogo. Lile komeo la mlango, fundi alilifunga kwa skrubu ndefu au fupi? Nauliza tu.

Mwanao mkubwa


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba sana. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Miguu iache ivimbe, itapungua nikishavaa ile sare nyeupe. Darasani wenzangu bado wananiita Bibi. Nikisoma nimekaa nasinzia, kwa hiyo nasoma nimesimama huku nikizunguka chumba, na mwenzangu wa chumbani anasema namtia kizunguzungu. Mwambie Bosi kuwa na mimi huku nina mabosi wangu, asijione yuko peke yake.

Mtihani wa vitendo ni tarehe 12 Juni. Huo ndio mtihani wenyewe. Unapewa mgonjwa wa kweli, wakufunzi wanasimama nyuma yako na makaratasi, hawasemi kitu. Ukishindwa unarudia mwaka mzima. Mwanangu, naogopa. Nikifikiria siku hiyo mikono inaniloa jasho, na nesi mwenye mikono ya jasho atamshika nani? Mwaka mwingine kama huu siuwezi, na sidhani kama nyinyi mnauweza.

Skrubu ni fupi. Fundi alisema mbao za mlango ni nyembamba, ndefu zingepasua. Lakini kwa nini unauliza? Mtu haamki tu asubuhi akaanza kuwaza skrubu. Na huyo wifi yangu mwambie aandike japo neno moja, hata "nipo". Kichwa hakizuii mkono.

Fungeni mlango mapema. Na yale tuliyokubaliana ni yale yale, mambo ya nyumba yetu yaishie ndani ya nyumba yetu. Unamjua mwenye nyumba alivyo. Hataki matatizo ya watu kwenye ua wake.

Mama yenu


18 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Niliuliza komeo kwa sababu linapiga kelele, hakuna kingine. Shangazi ameenda sokoni na dereva ana haraka, hatanisubiri mpaka arudi. Anakusalimu lakini.

Tuna mchezo mpya na Bosi, mchezo wa kunyamaza. Wa kwanza kutoa sauti ameshindwa. Huwezi kuamini, siku hizi ananishinda. Yule ambaye mdomo wake haufungwi hata kwa gundi! Anakaa chini ya meza, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, mpaka nimwambie mchezo umekwisha.

Soma, Mama. Usitufikirie.

Mwanao mkubwa


2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Bosi hajambo?

Wiki mbili zimepita sijapata hata kipande cha karatasi. Dereva wa dawa ananiambia barua zangu ziko pale pale dirishani zahanati, hakuna aliyezifuata. Nikajipa moyo, nikasema labda ana mitihani, labda mvua. Halafu leo nani namwona kwenye foleni ya wagonjwa wa macho? Jirani yetu, fundi cherehani. Nimemrukia shingoni kwa furaha. Yeye hakufurahi. Akanivuta pembeni, akasema, "Shoga yangu, mimi si mbea, lakini mlangoni kwako kuna viatu vya mwanaume. Asubuhi natoka kwenda kazini vipo, jioni narudi vipo. Na binti yako simwoni tena na sare ya shule."

Ni mwanaume gani huyo? Ameingia lini humo ndani? Shangazi yako anaona au amefumba macho? Sikugombezi, usije ukadhani nakugombeza. Nimeogopa tu. Leo wodini nimempima mgonjwa mmoja presha mara tatu, na kila nikitoa mashine sikumbuki nilichosoma. Mkufunzi ameichukua mashine akampima mwenyewe.

Kama kuna mtu amekudanganya, niambie. Kama amekutisha, niambie haraka zaidi. Nimemwomba dereva asiiache barua hii dirishani. Aje agonge mlango aisukume chini yake.

Mama yako


5 Juni

Mwanangu,

Dereva anasema amegonga, hakuna aliyeitika. Lakini anasema alisikia mtoto akikohoa ndani, mara moja, halafu kimya. Ameipitisha barua chini ya mlango. Anasema viatu ameviona kwa macho yake.

Kwa nini mnanyamaza? Nani yuko humo ndani na nyinyi? Nijibu, tafadhali. Andika neno moja tu, mpe mtu yeyote apeleke zahanati. Mtihani uko mlangoni na mimi sioni kitabu, naona mlango wetu tu.

Mama yako


7 Juni

Mama,

Shikamoo. Tuko wazima, mimi na Bosi. Naanza na hilo kwa sababu ni kweli.

Hakuna mwanaume humu ndani, Mama. Hajawahi kuwepo. Vile viatu si vya mtu. Nilimwomba fundi viatu wa pale kona anipe jozi ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Ni vikubwa, vyeusi, visigino vimelika upande mmoja. Naviweka mlangoni ili mtu akipita aone ndani kuna baba. Kila siku navigeuza, leo vinatazama ndani, kesho vinatazama nje, ionekane mwenyewe aliingia na kutoka. Sikujua majirani watawaza vile. Kumbe fundi cherehani ndiyo maana siku hizi ananisalimia kwa pua!

Shangazi hayupo. Aliondoka mwezi wa nne. Alipata kazi ya kupika kwenye nyumba ya watu, akasema anakwenda wiki moja kujaribu, na Jumamosi atarudi. Simu ameondoka nayo. Sina hakika kama Shangazi ni mtu mbaya au ameona aibu kurudi. Mimi nimekudanganya kuhusu kichwa na soko, na nilikuwa nalia nikiandika, lakini ungesikia ungeacha chuo. Ninakujua.

Majirani sikuwaambia kwa sababu ulisema mambo yetu yaishie ndani. Na mwenye nyumba akijua tuko wawili tu, atatutoa.

Sasa nikwambie kinachoniogopesha. Usiku si mbaya, watu wote wamerudi, ukikohoa mtu wa chumba cha tatu anakwambia pole. Ubaya ni mchana. Ua mzima unakuwa mtupu, wote wako kazini, na kuna mtu anakuja kujaribu mlango. Hagongi. Anashika kitasa anakizungusha polepole, anasukuma kidogo, anasubiri, anaondoka. Mara ya kwanza nilikuwa shule, Bosi alikuwa peke yake nimemfungia na maji na mkate. Aliniambia, "Kuna mtu anacheza na mlango wetu." Tangu siku ile sijaenda shule. Ningemwachaje?

Nilipoweka viatu alikoma. Nikasema nimemweza. Halafu wiki iliyopita ikaja sauti ya mwanamke, mchana kweupe, laini kabisa: "Fungueni wanangu, ni mama yenu, nimerudi." Bosi akatoka chini ya meza akakimbilia komeo. Nilimdaka shati mkono wake umeshafika. Nikamziba mdomo, akaning'ata. Yule mwanamke akaita tena, akacheka kidogo, akamwambia mtu mwingine, "Wapo." Mama, sisi hatuna cha kuibiwa. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Kwa hiyo dereva alipogonga sikuitika. Sasa hivi siitikii mtu. Nimesukuma kitanda mlangoni. Barua hii nitaitoa jioni watu wakirudi, nikimbie mara moja zahanati.

Usije, Mama. Nakuomba. Zimebaki siku chache tu. Ukikosa mtihani utarudia mwaka, na hofu yote niliyoila itakuwa ya bure. Mimi naweza kuvumilia mpaka tarehe 12. Nikisikia tu umefaulu, nitapiga vigelegele mpaka mwenye nyumba aje.

Mwanao mkubwa


11 Juni, mchana, hapa mlangoni

Mwanangu,

Ni mimi. Nimekaa chini kwenye sakafu, mgongo nimeuegemeza mlango wenu, naandika juu ya goti ili niisukume karatasi hii chini ya mlango. Nimewaita mpaka sauti imekatika. Nasikia kitanda kikilia kidogo, kwa hiyo najua mko hapo, na najua kwa nini hamfungui. Umefanya vizuri. Usiiamini sauti yoyote. Angalia mwandiko huu. Hakuna mwingine anayeandika herufi mbaya namna hii, wewe mwenyewe ulinicheka.

Barua yako imenifikia jana saa ya chakula. Niliisoma nimesimama kwenye korido, nikakaa chini hapo hapo. Watu wakadhani mgonjwa kafa. Nikaenda moja kwa moja kwa mlezi wa wanafunzi. Nilikuwa namwogopa yule mama, sijawahi kumwambia kuwa nina watoto, maana wenzangu walisema chuo hakitaki wanafunzi wenye mizigo. Nikamwekea barua mezani. Ameisoma yote, akavua miwani, akaniambia, "Mwaka mzima unapita hapa na hukunigongea?" Kumbe nyuma ya bweni kuna vyumba vya wanafunzi wenye watoto. Vipo siku zote! Viwili vitupu. Na kuna bibi wanayemlipa kukaa na wadogo wakati mama zao wako wodini. Ameniambia pia kuna sekondari ng'ambo ya barabara, na mwalimu mkuu wake anamfahamu. Nimelia mbele yake, mtu mzima na miaka yangu.

Akaniambia nisubiri mtihani upite kesho, kisha nije kuwachukua. Nikamjibu siwezi. Nimesoma lile neno, "Wapo", na tangu hapo sijameza kitu. Mtihani nikishindwa utakuja tena mwakani, nitausoma nimesimama kama nilivyozoea. Nyinyi nikiwapoteza, hakuna kurudia. Basi akampigia dereva wa dawa simu. Gari liko hapo nje, limeshashusha mizigo, linaondoka jioni hii, na tunaondoka nalo wote watatu. Tukifika salama, kesho asubuhi nitasimama mbele ya wale wakufunzi na makaratasi yao. Bado nawaogopa. Lakini hawanitishi kama huu mlango.

Beba sare yako na nguo za Bosi. Vingine viache. Nimemwambia fundi cherehani ukweli kuhusu viatu, nimemfuata kazini kwake kwanza. Ameshika kichwa. Yuko hapa pembeni yangu, na dereva pia, na hakuna mwingine uani.

Fungua, mwanangu. Sitoki hapa.

Mama yako


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mama,

Ni mwandiko wako. Nimeinusa na karatasi, inanuka dawa ya wodini. Bosi anauliza kama mchezo umekwisha, nimemwambia bado kidogo.

Nasukuma kitanda. Siku ile nilikisukuma kwa hofu hata sikuhisi uzito, sasa mikono haina nguvu, kinagoma. Nitakuwa nasimama kidogo kupumua. Ukisikia kimya, usidhani nimebadili mawazo.

Usiondoke.

Mwanao