Kilo Ishirini za Watu

Muscat, Jumanne, Januari 1996

Mama kalifungua begi langu tena! Kesho nnakwenda London kusoma, kwa kubadilisha ndege Dubai, na tiketi yangu ya daraja la chini inaruhusu kilo ishirini tu. Zote zimeliwa na halwa ya shangazi Zuwena aliyeko huko London, ndimu kavu za mumewe na kanzu za watoto wao. Sweta langu limetolewa.

"Mama, huko baridi!"

"Shangazi yako atakuazima."

Nnaogopa, wallahi. Sijapanda ndege maisha yangu, sembuse kushuka peke yangu nikatafute nyengine.

"Na nikipotea Dubai?"

"Ukipotea utauliza watu," akasema, anakaza kamba ya begi. "Halwa ikipotea, mie n'tamuuliza nani?"