Walisema Hapana Nafasi, Mama Tabitha

Mke wangu, Mama Tabitha,

Watoto wamenituma nikuandikie. Tabitha hajambo, Yona hajambo, na Damari leo hajambo kuliko wiki iliyopita. Mimi mwenyewe nipo. Kikohozi cha chokaa bado ninacho, na usingizi bado unanipiga chenga. Nimekaa uwanjani kwangu juu ya rundo la mawe ambayo sijayachoma, kalamu ya shule ya Yona mkononi. Ungeniona ungecheka, maana siku zote barua za nyumba hii ziliandikwa na wewe, kazi yangu ikiwa kutia sahihi tu.

Nianze na habari ndogo ndogo, kama ulivyopenda. Mihogo yako ya nyuma ya nyumba imeshika vizuri. Kuku wako kishingo bado anataga penye kapu la nguo na hataki kuhamishwa. Dukani kwa Mhindi wameishusha picha ya Mfalme na kutundika ya Malkia, naye Tabitha anasema amemwonea huruma, taji linaonekana zito. Wazungu wa Diani wanaendelea kujenga pwani pale, kwa hiyo chokaa inatafutwa. Kaburi lako nimelizungushia mawe na kulipaka chokaa nzuri, ile ya kuchuja. Kila nikienda chini ya mikanju, ile mikorosho inayokutia kivuli, nakuta pamepaliliwa. Si mimi ninayepalilia. Ni wale wazee walionisaidia kuchimba, na hawajaniambia neno.

Sasa nije kwa Damari.

Tangu tulipokuzika hajasali. Jioni tunakaa mkekani kama ulivyotuzoesha, Tabitha anaanzisha wimbo, Yona anasoma, ikifika zamu yake anafunga mdomo na kutazama vidole vyake vya miguu. Nimemgombeza. Nimempa sukari guru. Nimejaribu kumweleza habari za mbinguni, nikajikanyaga mwenyewe nusu ya njia. Aliniuliza, kama Mungu alikuwa na nafasi ya mama, yeye Damari alimkosea nini hata asipewe yake? Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Hapo ndipo nilipojua umenifanyia kazi kubwa miaka yote. Nilidhani watoto wetu wana imani kama walivyo na meno, kwamba imeota tu. Nikija jioni nimejaa vumbi jeupe nakuta sala imekwisha, nauliza kama chai ipo. Sikuwahi kukuuliza unawaambia nini, wala unaanzia wapi. Ningelikuuliza hata mara moja, tungali tukioka mihogo pale jikoni, leo ningekuwa na pa kushika.

Krismasi ilipokaribia niliazimia ipite kama siku yoyote. Tabitha ndiye aliyekataa. Alinisimamia mbele, mkono kiunoni, kama wewe kabisa, akasema, "Baba, hodi za mama lazima zipigwe."

Hodi zako nilizijua kwa kuhadithiwa tu. Kila mwaka siku ya mkesha nilikuwa na moto, na tanuri la chokaa likishawashwa haliachwi, ukiliacha mawe yanaiva upande mmoja na kuni zote zimekwenda bure. Kwa hiyo nilikuwa nikizisikia jioni, nikinawa, nawe ukilalamika. Ulikuwa ukiwatoa watoto alasiri, mmoja akiwa Mariamu ndani ya leso yako ya buluu, mmoja Yusufu, wapite nyumba za majirani kuomba mahali pa kulala. Mlango wa kwanza wakataliwe, wa pili wakataliwe, wa tatu waelekezwe bandani kwa mbuzi. Ulitaka wajue kwa miguu yao namna Bwana wetu alivyokosa mahali, ili wao wasije wakamnyima mtu. Kwenu Rabai mngepata Wakristo kijiji kizima wa kuwasaidia. Hapa Msambweni ulikuwa na majirani Waislamu, nao walikupenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana uliwazungukia mapema kuwaomba wawafukuze watoto wako, wakakuitikia inshallah, inshallah, na siku ikifika wakashindwa. Mzee Mbwana wa mlango wa kwanza alikuambia waziwazi, "Jirani, mtoto asimame kizingitini kwangu anaomba mahali nami nimwambie hapana? Hilo usinitake." Akawakaribisha wote barazani, akawapa tende. Bi Mwanakombo wa mlango wa pili mwaka mmoja alijitahidi. Alisema hapana nafasi, akafunga mlango, kisha kabla watoto hawajafika njiani akawakimbilia na kikapu cha mahamri, kichwa wazi, akiomba radhi. Aliyekuwa akiifanya kazi sawasawa ni Bi Saumu peke yake, kwa kuwa mbuzi ni wake na haya hana. Watoto wakafika bandani wameshiba, wanacheua, na Mariamu ana sukari mashavuni. Nakukumbuka ukinipa kata ya maji huku umenuna, "Wamenilishia watoto Bethlehemu nzima." Mimi nilicheka hata nikapaliwa. Wewe hukucheka mpaka baadaye kidogo.

Basi mwaka huu sikuwasha tanuri. Mzungu wa Diani anayesubiri chokaa amekasirika, na akasirike. Tabitha alifungua sanduku akatoa leso ya buluu, akasema yeye sasa ni mkubwa, Mariamu awe Damari. Mtoto hakubisha wala hakufurahi. Alivikwa, akakaa ndani yake kama mzigo uliofungwa vizuri. Yona akashika fimbo, akawa Yusufu. Tabitha akatangulia kama malaika, nami nikafuata nyuma, nikiwa sijui nishike nafasi gani katika habari hiyo. Tulikuwa tumefika karibu na kwa Mzee Mbwana ndipo nilipokumbuka kwamba kuna jambo sikulifanya. Sikuwazungukia majirani. Hakuna niliyemwomba amkatae mtu. Nikajisemea haidhuru, watoto watakula tende, na siku itapita.

Mzee Mbwana alikuwa ametoka kusali alasiri, kofia bado kichwani. Yona akapiga hodi, akaomba mahali kwa ajili ya mke wake aliyechoka. Mzee hakunitazama. Alitazama leso, nadhani aliijua. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapana nafasi, baba. Nendeni mbele." Akaingia ndani, akafunga.

Nilidhani nimesikia vibaya. Yona aligeuka kunitazama, fimbo imemshuka. Maisha yao yote hawajawahi kuuona mlango ule umefungwa, hata mvua ikinyesha. Tukaenda kwa Bi Mwanakombo. Harufu ya mahamri ilikuwa imejaa njiani, kwa hiyo alikuwapo, na kikapu chake kilikuwapo. Alijibu bila kufungua, "Hapana nafasi, wanangu," kisha tukamsikia analia nyuma ya mlango, kilio cha kujiziba kwa upindo wa leso. Tabitha naye akaanza. Mimi nilitazama juu ya mnazi kama mtu anayehesabu nazi.

Damari akausogelea mlango, akauwekea kiganja, akasema, "Usilie, Bi Mwanakombo. Sisi tutalala kwa mbuzi."

Kisha akashika njia mwenyewe, leso inaburura mchangani, na sisi wakubwa wake tukamfuata.

Bi Saumu alitupokea kama kawaida yake. Alisema nyumba imejaa, akatuonyesha banda kwa kidole, akaongeza kwamba yule jike mweusi amezaa na anapiga pembe, tuangalie. Sikuwahi kuingia mle. Kumbe ulikuwa umewatengenezea hori la vibao, na Bi Saumu amelitunza mwaka mzima, ndani yake anaweka majani ya mbuzi. Tukakaa chini. Watoto wana desturi yao mle ambayo sikuijua, kila mmoja husema neno lake kwa Mtoto. Tabitha akasema lake. Yona akasema lake, refu, maana anapenda kusikika. Zamu ikafika kwa Damari, na Tabitha akataka kumruka kama tulivyozoea kumruka jioni zote. Damari akaniuliza mimi.

"Baba, na sisi je? Mzee Mbwana si tulimwambia hapana nafasi?"

Hapa lazima nikueleze jambo, na nimelisogeza mpaka hapa kwa kuwa linaniumiza. Baada ya matanga Mzee Mbwana alikuwa akija jioni kunibishia hodi, akae nami kidogo. Siku za mwanzo nilimfungulia. Kisha nikachoka kutazamwa kwa huruma. Nikawa namtuma Yona akamwambie baba amelala, na jua bado lipo. Bi Mwanakombo alileta sahani, ikapokelewa mlangoni. Mzee hakuacha kuja. Alikuwa akisimama, akiambiwa, akisema, "Mpe salamu," akirudi. Nilidhani ni siri yangu na mlango wangu. Damari alikuwa mkekani, anasikia yote. Nyumba yako, Mama Tabitha, ambayo wewe uliipanga ili isimnyime mtu mahali, mimi niliifanya mlango wa kwanza na wa pili, na mtoto akajifunza kwangu kabla sijamfundisha lolote.

Nikamjibu ndiyo, mwanangu, tulimwambia.

Akafikiri kidogo. Kisha akafumba macho, mwenyewe, bila kuambiwa, akasema, "Mungu, Bi Mwanakombo analia, mnyamazishe. Mzee Mbwana mpe mahali pa kukaa. Na baba mfungulie." Akasema amina, akamshika mwanambuzi sikio, akataka kujua kama amepewa jina.

Hiyo ndiyo sala yake ya kwanza tangu uende. Nilitaka kugeuka nikutazame, kama nilivyokuwa nikifanya mtoto akitembea hatua ya kwanza. Nikageuka, nikamwona Bi Saumu.

Siku ya Krismasi yenyewe nilimtuma Yona amwite Mzee Mbwana aje atuchinjie mbuzi, kwa mkono wake, kama ulivyoweka wewe, ili sahani zitakazotoka kwetu ziliwe kila nyumba bila mtu kusitasita. Nilikuwa uani nanoa kisu atakachochinjia. Nikasikia hodi, ya chini sana, hodi ya mtu aliyezoea kuambiwa mwenyewe amelala. Kabla sijainuka Damari alikwishafika kizingitini, leso yako bado mwilini, maana tangu jana yake hakubali kuivua. Akasema, "Nafasi ipo, babu. Pita."

Mzee Mbwana alisimama pale. Akavua viatu taratibu, akapita, akakaa kwenye mkeka wako. Baadaye nikamuuliza nani aliyewaambia wafanye vile jana. Akasema, "Marehemu alituomba kila mwaka, nasi kila mwaka tukamnyima, akiwa hai, akiwa anacheka nasi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tungemnyima tena vipi?" Bi Mwanakombo aliingia na kikapu cha mahamri ya jana, yamekuwa magumu, kwa kuwa aliyakaanga kwa ajili ya watoto kisha akajizuia kuyatoa. Tukayachovya katika chai.

Ndivyo ilivyokuwa. Ulichokitaka miaka yote kimefanyika, kimefanyika vizuri, na wewe hukuwapo. Najuta hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Najuta zile alasiri nilizokuwa nikilinda moto, na mtu wangu anapita njia hii na watoto wetu, amenuna, amependeza, nami ningeweza kwenda naye. Hata kama watoto wangeshiba tende na kucheua bandani, ningekuwa nimeiona.

Sasa nikuage, maana Yona anataka kalamu yake. Pumzika, mke wangu. Nakuahidi haya. Krismasi haitanikuta tena na tanuri lenye moto, nitakwenda nyuma ya watoto mpaka miguu ikatae. Nimewaambia Mzee Mbwana na Bi Mwanakombo kwamba mwaka ujao wafanye wapendavyo, wakatae au walishe, nami nadhani watalisha. Na leso yako haitarudi sandukuni.

Na mlango nimeuegemeza jiwe ukae wazi, lile kubwa la chokaa ambalo halikuiva. Naliona kutoka hapa nilipokaa. Jioni ikifika Mzee Mbwana atakuja, na hatalazimika kupiga hodi.

Mimi mumeo,
Baba Tabitha