Kamera Uliyonikataza

Workum, tarehe 21 Mei

Kaka yangu mpendwa Douwe,

Pokea salamu zangu wewe, wifi Corrie na watoto wote watatu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na ng'ombe nao wawe wazima, maana nakujua, ukiulizwa hali yako unajibu ya ng'ombe. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, ila goti la kushoto humsumbua mvua ikikaribia, yaani humsumbua kila siku. Mimi sijambo isipokuwa mabega. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kuna jambo ambalo kwenye simu ningelikatiza katikati nikaanza kukuuliza habari za theluji ya Canada.

Katika barua yako ya Machi uliniagiza ninunue kamera ya maana, ile ya lenzi za kubadilisha, ukaniandikia na majina ya lenzi tatu, ya tatu ukaipigia mstari mara mbili. Ulisema picha za ndege wetu Aukje, sululu mwenye mdomo mrefu, ninazokutumia kila mwaka kwa kamera ya zamani ya Baba, zina ukungu kiasi kwamba mtu angeweza kuapa ni bata. Tena ukanionya nisije nikauziwa ile kamera ya kati, yenye lenzi moja tu isiyotoka, inayovuta karibu na mbali bila kubadilishwa chochote. Kaka, nimenunua hiyo hiyo. Najua hapo ulipo umeshusha pumzi na kumtazama wifi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, nami nitakueleza zangu zote, ingawa ile ya mwisho nimeichelewesha kwa makusudi.

Nilikwenda dukani Sneek na orodha yako mkononi, mtoto mtiifu kabisa. Muuzaji akaniwekea mikononi ile kamera na lenzi yake ndefu, nikajiona nimekabidhiwa ndama. Nikamuuliza, nikitaka malisho yote yaonekane nifanyeje? Akasema unabadilisha lenzi, mama. Na ndege akitua mbali? Unabadilisha tena. Na ile niliyoitoa naiweka wapi? Akasema, basi, hapo chini, kwenye begi. Nikamwambia kijana wangu, chini kwetu ni maji na mavi ya ng'ombe, na upepo hauombi ruhusa. Akacheka, akaenda kuniletea ile ya kati. Niliitundika shingoni nikasahau kwamba ninayo. Nikailenga nje ya dirisha, nikaivuta, nikausoma mshale wa saa ya kanisa lililoko mtaa wa tatu. Kasoro zake nitazisema pia, usije ukadhani nimelogwa. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, picha zake zina chengachenga, na ndege akiruka ghafla inahangaika kumtafuta. Lakini sululu aliyesimama kwenye nyasi fupi mchana, hata awe mita mia nne, anakuja hadi mlangoni.

Sikke amenitania vya kutosha kwa niaba yako. Unamkumbuka Sikke, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa? Amestaafu, na siku hizi ndiye mkubwa wetu sisi wasoma pete, tunaotambua ndege kwa pete za rangi miguuni. Ana lenzi nene kama mtungi wa maziwa, anaibeba kwa mkanda wa begani na kuguna. Siku ya kwanza aliponiona aliita wenzetu wote karibu ya gari lake, akauliza kwa sauti, "Jamani, hiyo Wietske kapewa zawadi kwenye sabuni, au?" Nikamwambia sabuni yenyewe angeijua angekuwa anaoga. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Basi wiki iliyofuata tulikuwa kwenye tuta la kuzuia maji, upepo wa kusini magharibi unatukata masikio, sululu kama mia mbili wametua kwenye malisho yenye maji. Watano wakaja karibu mno, lenzi yake haikuwatosha, ikabidi abadilishe. Akapiga magoti, kifuniko amekibana kwa meno, lenzi moja kwapani, nyingine mkononi, na manyoya ya mbegu za mbaruti, ule mmea wa miiba, yakaingia ndani ya kamera iliyokuwa wazi. Ndege wakaondoka zao. Alitukana kuanzia upepo mpaka aliyeumba mbaruti. Mimi nilikuwa nimeshawapiga wote watano, kisha nikarudisha lenzi nikapiga na malisho mazima, kisha nikampiga yeye akiwa amepiga magoti. Hiyo nitakutumia siku nyingine.

Ni siku hiyo hiyo Sikke alipoinuka, akaangalia kwa darubini yake, akanishika mkono. Akasema, "We Wietske! Pale kando ya kisiki, mguu wa kushoto pete nyekundu juu. Si Aukje wenu yule? Aukje kaja!" Alifurahi kweli, masikini, alisahau hata mbaruti. Nikainua kamera, nikavuta, nikavuta tena mpaka mwisho. Nikapiga picha nane. Nilizitazama kwenye kioo chake kidogo nikiwa nimewapa mgongo, kisha nikamwambia sijaona vizuri, jua lilikuwa machoni. Sikke alinitazama. Akauliza kwa upole, kitu ambacho si kawaida yake, mbona Aukje hayumo kwenye orodha yetu ya ndege waliosomwa, huu mwaka wa nne sasa, na mimi kila mwaka nasema nimemwona. Nikajibu kwamba husahau kuandika. Yeye anajua kwamba mimi sisahau kuandika hata tone la mvua.

Sina haja ya kukukumbusha Aukje ni nani, lakini kalamu inataka kuandika. Tulimkamata wewe, mimi na Baba, akiwa amelalia mayai manne nyuma ya lango, na alipokuwa mikononi mwako alipiga kelele kama Shangazi Aukje akituita mezani, ndipo akapata jina. Baba alimfunga pete: kushoto nyekundu juu ya njano, kulia buluu mbili. Alikwenda kwenye mashamba ya mpunga Afrika Magharibi na kurudi, mwaka baada ya mwaka, malisho yale yale, karibu nyasi zile zile. Mwaka wa tatu ukapata shamba lako Ontario, kwa sababu letu lilikuwa dogo kwa wanaume wawili, na Baba hakukuambia nenda wala baki. Asubuhi ya safari ulisimama langoni. Ili nisilie, ukaniambia, "Usijali, dada. Mwaka ambao Aukje hatarudi, nitarudi mimi." Baba alikuwa ameegemea lango upande wa pili. Alisikia, akageuka akaenda kuwatazama ndama.

Miaka minane Aukje alirudi, nami nilikuandikia kwamba amerudi, na kila nilipoandika nilifurahi na kusononeka kwa wakati mmoja. Nilimpenda yule ndege na nilimwonea kinyongo, Kaka, nasema ukweli. Kila akitua, nilijua hatutakuona mwaka huo.

Sasa nikueleze Jumapili iliyopita. Nilikwenda kwa Baba pale Bolsward na mkate wa sukari, kama kawaida. Makao ya wazee ni mazuri, chumba chake kinatazama magari, na yeye ameyapa magari majina ya ng'ombe. Kila mwaka, kuanzia Aprili, ananiuliza neno moja tu: "Amefika?" Hakuna mwaka aliowahi kuniuliza habari zako, na kila mwaka nilijua anamuuliza nani. Mimi hujibu amefika, nikamwonyesha picha ya ukungu, naye huitikia kwa kichwa na kuomba kahawa. Safari hii nilikuwa nimemtayarishia picha moja ambayo miguu ya yule ndege wa kando ya kisiki imezama kwenye majani. Nikampa kamera. Nilisahau kwamba mzee amefunga pete miaka thelathini na vidole vyake bado vinajua kazi. Akabonyeza kitufe, ikaja picha inayofuata. Akabonyeza tena, akaikuza. Miguu ikajaa kwenye kioo chote, pete zinang'aa, hadi tope lililokauka juu yake lilionekana.

Akasema, "Kushoto nyekundu na njano. Kulia buluu, halafu nyeupe. Huyu siye."

Nikaanza kumweleza kwamba rangi hupauka kwa jua la huko Afrika. Baba akanikata kauli, "Buluu haipauki ikawa maziwa, binti yangu. Huyu siye Aukje. Na wa mwaka jana hakuwa Aukje. Na wa mwaka juzi." Nikamuuliza kama alijua, mbona miaka yote hiyo alinyamaza. Akanirudishia kamera, akaniuliza, "Na wewe je, mbona ulinyamaza?"

Nikamkatia kipande cha mkate wa sukari.

Ndiyo hivyo, Kaka. Njia ya mwongo ni fupi, yangu imefika ukutani. Aukje hajarudi kwa miaka minne sasa, ukihesabu na huu. Mara tatu nimekuandikia kwamba amerudi, na kila mara nimekutumia picha ya sululu mwingine, nikichagua yenye ukungu zaidi. Ile kamera ya zamani ya Baba ilinisaidia kudanganya. Utasema nimekuwa mwendawazimu, maana ni mimi ninayetaka urudi, na uongo wangu ndio uliokuzuia. Lakini fikiria. Kama ningekuandikia hajarudi, na wewe usirudi, ningefanya nini mwaka uliofuata? Nilikuwa na ahadi yako moja tu. Niliiogopa kuijaribu, nikaiweka kabatini kama vyombo vya wageni. Miaka kumi na miwili nimeishi kwa sentensi moja uliyoisema ili nisilie, na huenda wewe hata huikumbuki. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba huikumbuki.

Na hii ndiyo sababu ya kamera. Kwa kamera ya zamani, kila mwaka kulikuwa na upande wa mbali wa malisho ambao sikuufikia, na nilijiambia labda Aukje yuko kule, labda nyuma ya mfereji, labda kwa jirani. Nilitaka kamera inayofika kila mahali kutoka pale niliposimama, bila kuchagua lenzi ipi nilete na ipi niiache nyumbani, ili nisibaki na kisingizio. Aprili hii nimesimama kwenye tuta siku kumi na tisa, nimesoma mguu wa kila sululu kuanzia langoni hadi ufukweni. Hakuna mahali palipobaki ambapo angeweza kuwa.

Nilipoinuka niondoke kwa Baba, nikamuuliza kama ana neno la kukuambia. Aliyatazama magari yake. Kisha akasema, "Mwandikie hajafika." Nikamuuliza, ni hilo tu? Akasema, "Anajua maana yake." Halafu akaomba nimpeleke shambani. Hajawahi kuomba tangu ahamie pale. Nilimtia ndani ya gari na koti lake la mvua, tukaenda.

Ndani ya bahasha kuna picha moja. Ni ya kamera uliyonikataza, nimeipiga Jumapili hiyo hiyo lenzi ikiwa haijavutwa hata kidogo, kwa hiyo malisho yote yameingia, na tuta, na mbingu kubwa kuliko inavyohitajika. Usimtafute ndege, hayumo. Tazama kushoto. Lango ni lile lile, bado sharti uliinue kidogo ndipo lifunguke. Baba ameegemea upande ule ule aliokuwa siku ile. Nilimwambia ageuke anitazame nimpige picha, akakataa, akasema anatazama njia.

Nisalimie sana wifi Corrie, umwambie mbegu za maharage alizonitumia zimeota zote. Wabusu watoto, hata yule mkubwa asiyependa. Sikke anakusalimu na anasema bado unadaiwa chupa. Ukiijibu barua hii kwa maneno, nitayasoma na nitakuelewa, wala sitakulaumu, maana shamba lina ng'ombe na ng'ombe hawaelewi ahadi. Lakini mwakani usitarajie kutoka kwangu habari zozote za sululu.

Aukje hajafika, Kaka.

Ni mimi dada yako,
Wietske