Duara la Njano Ambalo Hukuliona

Mama, shikamoo.

Ningekuandikia mapema, lakini kila nikikaa nasimama. Jana nimefagia ua mara tatu, nikaenda Mlowo bila haja yoyote, nikarudi mikono mitupu. Leo siinuki hapa kaburini kwako Igamba mpaka nimalize.

Unakumbuka nilivyokuletea shambani wageni wa mradi ninaoufanyia kazi? Ile simu yao kubwa, ukiielekeza kwenye jani la mkahawa inakuonyesha jani lilelile, kisha inalichorea duara la njano palipo na ugonjwa wa kutu. Mkono wako mmoja ulishika simu, wa pili umegeuza jani, na jua la saa sita limejaa kwenye kioo. Nikakuuliza, "Mama, unaliona duara?" Ukajibu, "Naliona, mwanangu." Nikaandika ndiyo. Wageni wakafurahi, ukawafungashia mahindi. Nami nilijivuna, sikufichi.

Juzi mama mdogo kanieleza, akicheka huku machozi yanamtoka, kwamba ulimwambia kwenye kile kioo uliona uso wako tu. Ukanyamaza usije ukanitia aibu mbele ya wageni. Mama, mbona hukunikanyaga hata mguu? Nimekukasirikia, na wewe hupo, sasa hasira hii niipeleke wapi?

Basi nikaizima kabisa ile simu ya mradi, nikampa jirani yetu mama Neema aijaribu kwenye mkahawa wake. Nikamuuliza kama analiona duara. Akakaza macho kwenye kioo cheusi, akasema, "Naliona vizuri, mwanangu."

Kumbe majibu yote niliyokusanya ni adabu za watu. Na simu zinagawiwa wiki ijayo. Watu watapulizia dawa mikahawa mizima, yenye kutu wataiacha, na wakiulizwa watasema wanaona. Nimemwambia mkuu wangu. Kajibu kwamba ripoti imeshakwenda, na nikiendelea kuichokonoa, mkataba wangu hautaongezwa.

Nimewaandikia wenyewe waliotoa simu. Nimesema wakulima hawana kosa, kosa ni la swali langu. Ilinipasa kusema, nionyeshe kwa kidole, halafu ninyamaze. Kesho barua naipeleka posta Vwawa mwenyewe. Mkataba na uishe. Naogopa, Mama, lakini naipeleka.

Pumzika. Nakuahidi sitamuuliza tena mama wa mtu swali kama lile mbele ya wageni. Wewe ningekuuliza jikoni, tukiwa wawili, ungeniambia kweli.

Mwanao