Sanamu ya Mpingo Haichezi

Igogo, Mwanza
12 Machi 1995

Baba mpendwa,
Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Ng'ombe je? Mimi mzima, ila mikono imejaa malengelenge. Fundi Venant, yule Mmakonde anayenifundisha kuchonga, ameanza kuniachia nyuso. Anasema jicho langu limekomaa.
Nasikia kikundi chenu cha ngoma, Bagika, kinatafuta sanamu ya kuwashinda wapinzani wenu Bagalu kwenye mashindano ya Juni. Nipeni mimi hiyo kazi. Tafadhali, Baba.
Mwanao, Ndalahwa

Misungwi
2 Aprili 1995

Mwanangu,
Marahaba. Hatujambo, mama yako anakusalimu. Wenzangu niliwabembeleza mpaka wakakubali. Ila tukishindwa, unarudi kuchunga na habari za patasi ziishe.
Baba yako, Mihayo

Misungwi
28 Mei 1995

Mwanangu,
U hali gani? Sanamu imefika. Ni sura ya mama yako kabisa, hata yeye amecheka mpaka machozi. Lakini nani alikutuma kuchonga mpingo? Wameinyanyua wanaume wanne, na mmoja wao, Mayala, ameteguka kiuno. Sanamu yetu huchezwa, haitazamwi kama zile za wageni wa hotelini! Umesahau ile ya zamani, ya mti mwepesi, niliyoibeba kichwani nikiivuta kamba itikise shingo? Ulikuwa unaikimbia ukilia.
Mashindano ndiyo haya, nasi hatuna kitu. Nimeumia, mwanangu.
Baba yako

Misungwi
20 Juni 1995

Mwanangu,
Umefika salama? Umeondoka jana tu na nyumba imepooza. Barua yangu hukuijibu, ukaja mwenyewe na patasi zako. Ule mti mwepesi tulioukata bondeni na kuuchonga upya, mimi na shoka, wewe na patasi, bado vumbi lake liko puani mwangu.
Mashindano bado nayaona machoni. Sanamu yetu ilipoinamisha shingo na kukonyeza kwa kamba ulizoifunga, watu wote walihamia kwetu, wakawaacha Bagalu wakijipigia ngoma peke yao. Hata mganga wao, anayewafanyia dawa ya kuvuta watu, alikuja kuchungulia! Nilifurahi kama siku uliyozaliwa.
Ile ya mpingo iko mlangoni. Mama yako kila asubuhi anaisalimia.
Fimbo yako ya kuchungia nimempa Masele, mtoto wa shangazi yako. Fundi Venant mpe salamu zangu, umwulize kama anapokea wanafunzi wenye mvi. Shoka ninalo.
Baba yako, Mihayo